MARIDHIANO BILA KUUNGAMA? KWARESIMA INATUULIZA SWALI



Kila Kwaresima ikianza hapa mjini picha ni ile ile. Jumatano ya Majivu watu wanatoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, wengine wanaunganisha moja kwa moja kazini, kule Mtumba kwenye wizara au bungeni. Zinaanza siku 40 za kufunga, kusali, kusaidia maskini na kupatana na Mungu na watu. Sasa miaka ya karibuni hilo la kupatana limekuwa pia neno la siasa: maridhiano. Swali langu ni moja tu. Hivi maridhiano ya waheshimiwa yanapita kwenye hatua zile anazopita muumini akienda kuungama? Mimi naona hapana, na ndiyo maana hayadumu.

Tuangalie kalenda. Mwaka 2022 Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 2. Siku mbili baadaye, Machi 4, Freeman Mbowe alifutiwa mashtaka ya ugaidi baada ya kukaa ndani zaidi ya miezi saba, na siku hiyo hiyo akaenda Ikulu kuonana na Rais Samia. Januari 2023 mikutano ya hadhara ikaruhusiwa tena. Machi 8, 2023, Kwaresima tena, Rais akawa mgeni rasmi wa wanawake wa Chadema kule Moshi. Tukashangilia, nchi imepona.

Halafu ikaja Kwaresima ya 2025. Aprili 9 Tundu Lissu akakamatwa Mbinga, kesho yake akasomewa shtaka la uhaini. Aprili 12, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Chadema haimo kwenye uchaguzi kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Yaani kutoka kupeana mikono hadi uhaini, Kwaresima nne tu!

Wapo watakaosema tatizo ni watu, huyu mkorofi, yule msaliti. Mimi nasema tatizo ni utaratibu. Tulianza na hatua ya mwisho.

Mkatoliki yeyote aliyepita mafundisho anajua. Kwanza unajichunguza. Unajuta. Unaungama kwa kutaja kosa lenyewe, unakusudia kutorudia, na unafanya malipizi. Waanglikana na Walutheri wana utaratibu wao, lakini msingi ni huo huo. Huwezi kwenda kwa padre ukasema "kama kuna mahali nilikosea basi yaishe". Unataja. Kama uliiba, unarudisha. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu chakula, alisema atarudisha mara nne. Na Mathayo sura ya 5 inamwambia mtu aiache sadaka yake pale madhabahuni, aende kwanza kwa ndugu yake mwenye neno juu yake.

Wala si mambo ya kanisani tu. Kwaresima huku Kanda ya Kati inaangukia wakati mtama na uwele uko shambani. Ng'ombe wakiingia kwenye mtama wa mtu, wazee hawaanzi kwa kusema shikaneni mikono. Wanauliza ng'ombe ni wa nani, wanakwenda kuangalia hasara, mwenye ng'ombe analipa. Mikono inakuja baadaye.

Sasa tuangalie kosa lililotokea hapa hapa kwetu. Septemba 7, 2017 Lissu alipigwa risasi 16 nje ya nyumba yake Area D, mchana kweupe, akitoka bungeni. Akatibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Januari 25, 2023 alirudi nchini katika hali ya maridhiano hayo hayo. Lakini hadi anakamatwa mwaka 2025 hakuna mtu aliyekuwa amefikishwa mahakamani kwa zile risasi. Tulitaka aliyeumizwa asahau kabla aliyeumiza hajajulikana.

Kuna mwalimu mmoja aliyewahi kuishi Dodoma ambaye watu wengi wamemsahau. Festo Kivengere, Mganda, mlokole wa uamsho, alikuja hapa miaka ya 1940 kufundisha Alliance, shule iliyokuja kuitwa Mazengo, na leo eneo lile ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Baadaye akawa askofu kwao Kigezi. Februari 16, 1977 utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, serikali ikadai ni ajali ya gari. Kivengere akakimbia nchi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kuwa chuki dhidi ya Amin inamla moyo, akaamua kumsamehe. Akaandika hadi kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Amin.

Lakini je, alinyamaza? Hapana. Aliendelea kuzunguka duniani akieleza mauaji ya Uganda mpaka Amin alipoanguka Aprili 1979. Alisamehe, na bado akasema Luwum aliuawa, siyo ajali. Huku kwetu ukidai ukweli unaambiwa hutaki amani, kumbe mtu anaweza kuvibeba vyote viwili.

Nayasema haya kwa sababu ya Oktoba 29, 2025. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema taarifa ilizopata zinaonyesha huenda mamia waliuawa. Novemba 3 Rais aliapishwa hapa Chamwino bila wananchi kuhudhuria, na Novemba 14 akilihutubia Bunge alitoa pole na kutangaza tume ya uchunguzi, ambayo akapewa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kwaresima ya 2026, iliyoanza Februari 18, ni ya kwanza baada ya hayo, na iliandamana na mfungo wa Ramadhani wa ndugu zetu Waislamu. Nchi nzima ilifunga karibu siku moja.

Kuungama ni kwa kila upande. Kijana aliyechoma mali ya mtu ana kosa la kutaja. Aliyemfyatulia risasi mtu asiye na silaha ana kosa la kutaja, na aliyetoa amri naye pia. Makosa hayo si sawa kwa uzito, ndiyo maana kila mtu anataja lake.

Najua jibu la wakubwa: tusifukue makaburi. Jamani, kuna familia ziliviambia vyombo vya habari kwamba hazikupata miili ya watu wao. Hao kaburi la kufukuliwa wanalo wapi?

Kwa hiyo mkisikia tena neno maridhiano, kabla ya kupiga makofi ulizeni maswali ya wazee wa kijijini. Ng'ombe ni wa nani? Hasara ni kiasi gani? Nani analipa? Yakijibiwa hayo, mikono tutapeana wenyewe, bila kupangiwa siku wala kuitiwa kamera.

Mnasemaje wadau? Inawezekana kusamehe mtu ambaye hajasema alifanya nini?