Baba Akirudi na Mawe

Mama mmoja wa Kigongo anauliza: "Mume wangu ni dereva wa lori. Kila akitoka Kongo anarudi na vijiwe vya rangi na kuvipanga dirishani, chumbani mwa watoto. Je, nivitupe?"

Mama mwenzangu, usivitupe. Lakini vitoe chumbani mwa watoto leo hii.

Huenda baadhi yake ni fosfeti. Fosfeti si kitu kigeni: imo katika mifupa na meno yetu, na ndiyo mbolea inayochimbwa Minjingu. Kuna fosfeti zinazozaliwa baadaye. Maji hupenya mwambani, huyavunjavunja madini ya zamani, na kutokana na mabaki hayo hujengeka fuwele mpya zenye rangi. Feruzi ya kwenye pete ni mojawapo. Nyingine ni adimu. Kornetiti, yenye buluu iliyokolea, ilitambuliwa mwaka 1912 katika mgodi wa Étoile, Lubumbashi, ikapewa jina la mwanajiolojia Mbelgiji, Jules Cornet. Kwa hiyo baba watoto hakusanyi takataka.

Hatari iko hapa. Huko Kobokobo, karibu na Kamituga, Kivu Kusini, zimo fosfeti zenye urani. Kamitugaiti, iliyotambuliwa mwaka 1984, ina urani pamoja na risasi. Fosfeti za urani mara nyingi ni za njano au kijani, rangi zinazomvutia mtoto, na mtoto mdogo hukijua kitu kwa kukitia mdomoni. Mionzi ya urani haionekani wala hainuki, na vumbi lake likimezwa au kuvutwa hudhuru mwili.

Usimwendee mumeo kwa ugomvi. Akishakula na kupumzika, mweleze haya. Atafute sanduku lenye kufuli, likae penye hewa, mbali na vyumba vya kulala. Kila kijiwe kiwe na karatasi yake: kimetoka wapi, na lini. Wakusanyaji huthamini karatasi hiyo kama jiwe lenyewe. Visisagwe, wala visioshwe katika vyombo vya chakula. Akivishika, anawe kwa sabuni. Vya njano na kijani avipeleke vikapimwe na Tume ya Nguvu za Atomiki. Tena, kabla ya kuvusha mawe mpakani, aulizie vibali.

Akisita katika mengine, mvumilie. Katika moja usilegee: watoto na mawe hayo wasilale chumba kimoja.