Adhabu Hupimwa, Haikisiwi

Mtu aliyekimbilia Kibati mwaka 2008, vita vilipoenea katika barabara ya Rutshuru, aweza kutuuliza: Bosco Ntaganda alipewa miaka 30, mbona mateso yetu hayakutiwa katika hesabu? Swali hili lastahili jibu.

Tuanze na jambo la karibu. Sheria ya makosa ya nchi yetu, ya tarehe 30 Januari 1940, yasema kwamba mwizi wa kawaida hafungwi zaidi ya miaka 5. Lakini akivunja mlango, au akiiba usiku katika nyumba ikaliwayo na watu, kifungo chaweza kufika miaka 10. Wizi ni ule ule. Kilichozidisha adhabu ni usiku. Basi amshtakiye sharti authibitishe usiku huo, kama alivyouthibitisha wizi wenyewe.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai hushika kanuni hiyo. Ukatili wa pekee, au unyonge wa walioonewa, huweza kuzidisha adhabu. Lakini sharti uthibitishwe pasipo shaka, wala usihesabiwe mara mbili.

Mtazameni Thomas Lubanga. Tarehe 10 Julai 2012 alihukumiwa miaka 14 kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, huko Ituri, na kuwatumia vitani. Maovu waliyotendewa wasichana yalitajwa, lakini majaji waliona haikuthibitishwa kwamba Lubanga mwenyewe alihusika nayo. Na udogo wa watoto ulikwisha kupimwa katika uzito wa kosa, haukupimwa tena. Mwendesha mashtaka akakata rufaa ili adhabu iongezwe. Tarehe 1 Desemba 2014 majaji wa rufaa, kwa wingi wa kura, waliiacha vile vile.

Kwa nini? Kwa sababu jaji wa rufaa haongezi miaka kwa kuwa yeye angalitoa mingi zaidi. Huangalia kama jaji wa kwanza alikosea sheria, au alisahau jambo lililopasa kupimwa, au alitoa adhabu isiyolingana kabisa na kosa.

Na Ntaganda je? Alihukumiwa tarehe 7 Novemba 2019 kwa makosa ya Ituri ya miaka 2002 na 2003, na rufaa ikaithibitisha miaka 30 tarehe 30 Machi 2021. Ya Kivu hayakuwamo katika mashtaka, hivyo hayakuweza kuongezwa juu ya yale ya Ituri.

Twajua kwamba jibu hili halifuti machozi. Lakini mizani imlindayo leo mtu tunayemchukia, kesho itamlinda mwana wetu aliyesingiziwa. Basi tusidai miaka bila ushahidi. Tuutunze ushahidi wenyewe: siku, mahali, majina, walioona kwa macho yao. Ndivyo mateso ya Kivu yatakavyoweza kupata kesi yao wenyewe, wala si kuwa nyongeza katika kesi ya wengine.