Kibanda Kisichopumua

Mkenya wa Minnesota akienda kununua hema la kuvulia samaki juu ya barafu, huwa na swali moja tu: "Inashika joto?" Mimi pia niliuliza hivyo. Binamu yangu, aliyenitangulia huku kwa miaka tisa, aliuliza hivyo hivyo. Muuzaji ameshalisikia swali hilo hadi limemchosha, kwa hivyo anatabasamu na kusema inashika kabisa. Tunalipa, tunabeba, tunapiga selfi. Hakuna anayeuliza: "Je, inapumua?"

Leo nataka kugombana na swali hilo la joto, kwa sababu lilikaribia kuniua mimi na watu wangu watatu.

Kwa mlioko Nairobi, ngoja niwaeleze kidogo. Huku maziwa huganda. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi, watu hutembea juu ya maji kama mitume, wakatoboa barafu kwa keekee ndefu, wakapata tundu la upana wa sufuria ndogo, kisha wakateremsha ndoano. Samaki wanayemtafuta zaidi anaitwa walleye. Ni mtamu, sibishi, ingawa sato wa Kisumu bado ni mfalme. Shida ni upepo. Ziwa kama Mille Lacs ni uwanja mtupu. Nyuzi 20 chini ya sifuri ni siku ya kawaida ya Januari, na hakuna hata mti wa kujificha nyuma yake. Ndiyo maana watu huhitaji kibanda. Si kibanda cha chapo madondo, bana. Kibanda cha kukuweka hai.

Viko vya aina tatu hivi. Kuna hema lililofungwa kwenye sleji: unalivuta mwenyewe, ukifika unalifunua juu yako kama kofia ya koti. Linafaa mtu mmoja au wawili wanaohamahama kumtafuta samaki. Kuna hema la kufyatuka, ambalo kuta zake unazivuta kwa nje zikasimama zenyewe. Watu wanne wanaketi bila kugongana magoti, lakini upepo ukilishika kabla hujalifunga kwa skrubu za barafu, utalikimbiza hadi kesho. Ndiyo maana unaanza na upande unaotoka upepo, kisha ndio unasimamisha kuta. Halafu kuna nyumba za magurudumu, zenye vitanda na jiko la kupikia, zinazovutwa kwa pikapu. Hizo ni za wenye nazo, na zinadai barafu nene kweli kweli.

Ona sasa, hayo yote nilijifunza kabla ya kununua. Nilitazama video usiku kucha. Nilijua kitambaa chenye tabaka mbili hakidondoshi maji kama kile chepesi. Nilijua bei. Nilijua rangi. Nilijiona msomi.

Januari hiyo tulienda Mille Lacs wanaume wanne: mimi, binamu yangu, shemeji yake, na kijana mmoja aliyekuwa ametua Marekani mwezi wa Septemba. Tulisimamisha hema la kufyatuka. Tukarundika theluji kuzunguka pindo la chini ili upepo usiingie. Tukawasha hita ya gesi ya propani. Matundu ya hewa yalikuwa mawili, juu kule karibu na dari. Binamu yangu akaona yanapitisha baridi, akayaziba kwa glavu. Tukamsifu. "Huyu ni fundi!"

Saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Chai kwenye thamosi, stori za nyumbani, tukavua jaketi. Saa ya pili kichwa kikaanza kuniuma, kama kamba inayokazwa polepole. Nikajiambia ni njaa. Shemeji akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Yule kijana akasema anahisi kutapika. Tukamcheka. "Ziwa limeganda na bado unaugua kichefuchefu cha mashua?" Akacheka na sisi, maskini, akajikaza.

Kilichotuokoa ni kibofu. Shemeji alitaka kwenda haja, akafungua zipu, akapiga hatua mbili nje na kupiga magoti. Nilidhani ameteleza. Nikatoka kumwinua na miguu yangu ikakataa. Ile hewa baridi tuliyoifungia nje siku nzima ndiyo ilituzindua.

Hospitalini walituvisha barakoa za oksijeni. Muuguzi akauliza swali dogo tu: nani alianza kuumwa na kichwa? Sote wanne tukainua mkono. Sote tulikuwa tumeumwa. Hakuna aliyekuwa amesema.

Huo ndio ugomvi wangu. Gesi iliyotulevya ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Moto ukikosa oksijeni ya kutosha hauungui vizuri, na ndipo unapoizalisha kwa wingi. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei, kwa hivyo unavuta pumzi na mwili haupati kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu, kuchanganyikiwa. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa akili ambayo ingekuambia utoke ndiyo inayozimwa kwanza.

Na usiniambie hili ni jambo la wazungu ambalo Mwafrika hawezi kulijua. Manze, sisi ndio tunaolijua! Kila Juni na Julai, baridi ikiingia Nairobi, si tunasoma habari za familia iliyolala na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, dirisha limefungwa, matambara yamezibwa chini ya mlango? Ni gesi ile ile, kosa lile lile. Nyanya yangu kule Kisii hakusoma kemia hata siku moja, lakini hakuna usiku alioruhusu jiko lilale nasi ndani. Alilitoa nje hata mvua ikinyesha. Nikavuka bahari na shahada yangu mkononi, nikalipa mamia ya dola, nikajenga chumba kile kile alichonikataza, tena juu ya barafu.

Najua mtakavyonijibu. Mmoja atasema hita za siku hizi zina kitambuzi kinachozima moto oksijeni ikipungua. Ni kweli, nyingi zinacho. Lakini kitambuzi hicho kinapima oksijeni. Hakipimi kaboni monoksidi. Mwingine atasema kengele ya gesi ni gharama. Buda, umenunua hema, keekee, hita, mashine ya kutazama samaki chini ya maji, halafu kengele ya bei ya kuku mzima na soda ndiyo imekushinda? Nunua. Weka betri mpya, na uziangalie kila safari kwa sababu baridi huzimaliza haraka. Wa tatu atasema akifungua matundu, joto linatoka. Naam, linatoka. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Tundu moja liwe juu na jingine chini, yote wazi muda wote moto unapowaka, na uyakague, kwa maana mvuke wa pumzi zenu huganda na kuyaziba bila mtu kugusa. Hita iwe mbali na kitambaa. Mkitaka kulala, izimeni, kila mtu aingie kwenye mfuko wake wa kulalia.

Kibanda kina udanganyifu mwingine. Ukishaingia, unasahau kilicho chini yako. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4 za barafu mpya, safi, ndipo mtu atembee. Hiyo ni kama sentimita 10. Gari linahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo, na pikapu zaidi tena. Barafu nyeupe ya theluji ina nusu tu ya nguvu ya ile safi. Idara yenyewe inasema wazi kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Kwa hivyo pima kabla ya kusimamisha hema, pima tena ukihamia mahali pengine, na uning'inize shingoni zile sindano mbili za kujivutia, kwa sababu mtu aliyetumbukia hana cha kushika kwenye barafu inayoteleza.

Lakini hata ukinunua vyote hivyo, kuna kitu ambacho duka haliuzi. Sisi wanaume tuliolelewa kwa neno "jikaze" tumelibeba neno hilo hadi kwenye hema lisilo na hewa. Tulikuwa wanne, kila mmoja na kichwa chake kinachopasuka, na kila mmoja aliona afadhali afe kuliko kuitwa laini. Aliyethubutu kusema tulimcheka, na alikuwa mdogo wetu, tuliyeaminiwa na mama yake tumtunze. Sijui ningempigia mama huyo simu nimwambie nini. Ningemwambia hema lilikuwa linashika joto?

Kwa hivyo sasa tuna sheria moja. Mtu yeyote akisema kichwa kinamuuma, hakuna mjadala, hakuna utani: hita inazimwa, mlango unafunguliwa, wote tunatoka. Hata kama ni njaa. Hata kama samaki anavuta ndoano wakati huo huo.

Mwezi wa Februari uliofuata tulirudi Mille Lacs, hema lile lile, kengele ikining'inia usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Tulikuwa hatujakaa nusu saa, binamu yangu akaanza kutazama lile tundu la juu.

"Upepo unaingia, ndugu yangu."

"Wacha uingie," nikamwambia. "Vaa kofia."

Akaivaa.