Ndondi ni Mchezo, Lakini Jina Hilo Lina Deni Lake

Muhula uliopita, katika darasa langu la semantiki, mwanafunzi mmoja kutoka Makadara aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tukichambua kitenzi 'cheza' na nomino zinazotokana nacho. "Mwalimu," akasema, "mpira huchezwa, karata huchezwa, bao huchezwa na hata ngoma huchezwa. Lakini mabondia tunasema wanapigana. Ikiwa wanapigana, mbona ndondi tunaiita mchezo?" Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba mdogo wake mwenye umri wa miaka 14 ameanza kwenda mazoezini katika ukumbi wa kijamii ulio karibu na kwao, na mama yao ameapa kwamba mwanawe hatapigwa kichwani na mtu yeyote kwa jina la mchezo.

Nilimjibu kama mwanaisimu anavyopaswa kujibu. Ushahidi wa kitenzi haututoshi. Wenzetu wa Tanzania husema kwamba fulani 'anacheza ngumi' na hakuna anayeshtuka. Huko pwani yetu na visiwani, kirumbizi huchezwa, na huchezwa kwa fimbo. Isitoshe, neno hilo hilo 'mchezo' ndilo tunalolitumia kukanusha uzito wa jambo: 'huu si mchezo', twasema, mambo yanapochacha. Basi lugha haiwezi kutuamulia shauri hili. Inachoweza kufanya ni kutuonyesha tunachokiahidi tunapolitumia neno.

Nionavyo, tunapokiita kitendo mchezo tunaahidi mambo matatu. Kwanza, kwamba zipo kanuni zinazowafunga wote, mwenye nguvu na mnyonge. Pili, kwamba kila mshiriki ameingia kwa hiari yake na anaweza kutoka kwa hiari yake. Tatu, kwamba mchezo ukiisha, wachezaji watarudi nyumbani wakiwa watu wale wale waliotoka asubuhi. Ahadi hii ya tatu ndiyo inayoitia ndondi mashakani.

Tuwasikilize kwanza wanaoikataa, maana hoja yao si nyepesi. Wanakiri kwamba mchezaji wa kandanda huvunjika mguu na mpanda farasi huvunjika shingo. Lakini hayo, wasema, ni ajali; hakuna anayepewa ushindi kwa kumvunja mwenzake mguu. Katika ndondi, ushindi ulio mkamilifu kuliko wote ni kumwangusha mpinzani asiweze kuinuka hadi mwamuzi afike kumi, yaani kuutikisa ubongo wake mpaka uache kufanya kazi kwa muda. Madhara hayo yamo ndani ya lengo lenyewe. Mwaka 1928 tabibu Mmarekani, Harrison Martland, alieleza kitaalamu hali ya mabondia waliolewa bila kunywa: wanaoyumba wakitembea na kukokota maneno. Mwaka 1983 Chama cha Madaktari Duniani kilitaka ndondi ipigwe marufuku.

Wala si madaktari peke yao. Michezo ya Olimpiki ya 1912 mjini Stockholm haikuwa na ndondi kwa sababu sheria ya Sweden haikuiruhusu. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Zanzibar iliipiga ngumi marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, na marufuku hayo yakadumu kwa karibu miongo sita, hadi yalipoondolewa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi na mapambano yakarejea mwaka 2023.

Sisi Wakenya tuna sababu yetu wenyewe ya kuisikiliza hoja hiyo. Mwaka 1988 huko Seoul, Robert Wangila alimshinda Mfaransa Laurent Boudouani na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Hadi leo hajapatikana wa pili. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini nakumbuka jinsi wavulana wa mtaani kwetu walivyojifunga matambara mikononi na kutwangana hadi giza likaingia, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye Wangila. Miaka sita baadaye, Julai 1994, Wangila alipigana Las Vegas akiwa bondia wa kulipwa. Mwamuzi alilisimamisha pambano, lakini Wangila alizirai muda mfupi baadaye na akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26. Katika mtu mmoja tulipata utukufu wote wa ndondi na hasara yake yote. Yeyote anayeitetea ndondi bila kulitaja kaburi hilo hajaanza kuitetea.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoikataa. Kanuni za Queensberry, zilizochapishwa mwaka 1867, zilileta glavu, raundi za dakika tatu na hesabu ya kumi. Tangu hapo historia ya ndondi imekuwa historia ya kuyafungia mapigano ndani ya sheria: uzani, waamuzi, madaktari, taulo inayotupwa ulingoni na mkufunzi mwenye huruma. Bondia aliyefunzwa vyema hutumia sehemu kubwa ya raundi akijifunza kutopigwa. Mwaka 1968 huko Mexico, Philip Waruinge alipata shaba tu, lakini akatunukiwa kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ustadi kupita wote katika mashindano. Je, vita vya vichochoroni humpa nani tuzo ya ustadi?

Na tusisahau kwamba medali zote za Olimpiki ambazo Kenya imewahi kupata zimetokana na riadha na ndondi pekee. Ndondi imetuletea saba: dhahabu ya Wangila, fedha ya Waruinge mwaka 1972 na shaba tano. Mwaka 2012, wanawake walipopanda ulingo wa Olimpiki kwa mara ya kwanza, Elizabeth Andiego alituwakilisha London. Mwaka 2018 Christine Ongare alirudi na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Lakini kuna utetezi mmoja ambao ningependa tuuache. Kila tunapojadili ndondi katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, husikika sauti ikisema kwamba ngumi huwaepusha vijana wetu na wizi na mihadarati. Kauli hii hutolewa kwa nia njema, na huenda ina ukweli, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kimantiki. Kwaya ya kanisa na maktaba pia huwaepusha vijana na wizi, wala hatusemi kwamba maktaba ni mchezo. Ya pili ni ya heshima. Kauli hiyo humsawiri kijana wa Kaloleni, Jericho au Dandora kama mtu ambaye asipopewa glavu atashika kisu. Wazazi wa mitaa mingine wakiwapeleka watoto wao kuogelea, hakuna anayeuliza wameepushwa na uhalifu gani. Mtoto wetu naye ana haki ya kupenda ndondi kwa sababu anaipenda tu.

Kwa nini basi nasisitiza iitwe mchezo? Kwa sababu jina hili ni dhamana. Tukisema ndondi si mchezo, haitatoweka. Itahama kutoka ukumbini na kwenda uani, mahali pasipo mwamuzi wala tabibu. Tukisema ni mchezo, tumetia sahihi kwenye hati ya deni, na bondia anaweza kutudai.

Deni hilo ni lipi? Daktari awepo kila pambano, na neno lake lishinde neno la mwandalizi. Kila bondia awe na kitabu cha kumbukumbu zake, ili aliyeangushwa juzi asipandishwe tena ulingoni kesho kwa sababu tu tiketi zimeuzwa. Watoto wa shule wafunzwe kutembea kwa miguu, kukwepa, kuruka kamba na kupiga gunia, lakini mapigo ya kichwani yasihesabiwe alama katika umri wao. Kumbi za kijamii, ambazo zilijengwa kwa ajili ya wakazi wa mitaa hii, zikarabatiwe na kulindwa. Na aliyelipigania taifa atibiwe na taifa.

Nalisema hili la mwisho kwa uchungu. Katika mtaa nilikokulia palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa bondia ujanani mwake. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukimwigiza mwendo wake, maana alitembea kama mtu aliye juu ya mashua, na kikombe cha chai kilimtetemeka mkononi. Tulidhani ni mlevi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa akinywa pombe hata kidogo. Sijui kama ni ngumi zilizomfanya vile au ni maradhi mengine. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyewahi kumpima ili kujua, na kwamba siku alizoshinda watu walimbeba mabegani.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya ni ghali mno kwa klabu ndogo ya mtaani. Nami nakubali kwamba ni ghali. Lakini ikiwa hatuwezi kumlipa daktari wa saa tatu, basi jioni hiyo hatuna mchezo. Tuna watu wawili wanaopigana mbele ya watazamaji. Mstari kati ya mambo hayo mawili huchorwa na wale wanaosimama nje ya kamba, wakiwamo walimu na wazazi.

Nilimwambia mwanafunzi wangu ampelekee mama yake maswali matatu ya kumwuliza mkufunzi: kanuni za watoto ni zipi, kijana akisema leo hataki kupanda ulingoni, ataambiwa nini, na akiumia, ni nani atakayemtazama? Wiki mbili baadaye alinirudishia majibu. Mkufunzi alijibu swali la kwanza na la pili vizuri sana. La tatu lilimfanya anyamaze, kisha akakiri kwa unyofu kwamba hawana mtu. Mama ameamua kwamba kijana aendelee na kamba na gunia, ila asipigane na mtu mpaka swali la tatu lipate jibu.

Nimeifundisha semantiki kwa miaka mingi. Sidhani nimewahi kulifafanua neno 'mchezo' vizuri kumshinda mama huyo.