Kamba Mwenye Mayai Mlangoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeitiisha bahari kwa manufaa yetu, na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wiki hii tuzungumze juu ya riziki inayoingia jikoni mwetu bila kuulizwa ilikotoka: kamba mawe, pweza na kombe wanaovuliwa kinyume cha sheria. Swali linalorudi darsani kila msimu wa kaskazi ni hili: mchuuzi akija mlangoni na kamba wa bei nafuu, na chini ya mkia wake kumeshikamana mayai, je, kumnunua kuna dhambi? Si kamba ni halali?

Naam, kamba ni halali. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kuvua baharini na kula kinachotoka humo, hata kwa aliye katika ihramu, ambaye mawindo ya nchi kavu ameharamishiwa. (Kaa ana khitilafu yake katika vitabu vya madhehebu yetu ya Imam Shafii, hilo ni somo la siku nyingine.) Wala nyama ya kamba haigeuki kuwa haramu kwa sababu amebeba mayai. Lakini uhalali wa kitu ni jambo moja, na uhalali wa njia ya kukipata ni jambo jingine. Embe ni halali. Embe lililochumwa usiku katika shamba la yatima ni embe lile lile, na mchumaji wake ni mwizi.

Na yatima wa habari hii ni nani? Ni kizazi kijacho. Kamba jike mmoja hubeba chini ya mkia wake mamia ya maelfu ya mayai. Yakianguliwa, watoto huchukuliwa na mikondo ya bahari kuu kwa miezi mingi kabla ya wachache waliosalimika kurudi kutulia katika miamba. Walio wengi mno huliwa njiani. Kwa hiyo Mola amejaalia idadi kubwa ili wabakie wachache, na wachache hao ndio wanaomlisha mzamiaji wa Kizingitini, wa Kiwayu na wa Kiunga. Anayemtoa jike kabla mayai hayajaanguliwa hakuchukua kamba mmoja. Ndiyo maana sheria ya uvuvi ya Kenya inakataza kumvua kamba mwenye mayai na yule mdogo asiyefikia kipimo, na inakataza kuzamia kwa mitungi ya hewa ili kuwafuata mahali ambapo pumzi ya binadamu haifiki.

Baadhi ya watu husema: hiyo ni sheria ya serikali, dini haikutaja mayai ya kamba. Hawa nawaomba warejee Suratul A'raf, kuanzia aya ya 163. Humo Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari, ambao wafasiri wengi wametaja kuwa ni Ayla, kwenye Bahari ya Shamu. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakapewa mtihani mkubwa: siku ya Sabato samaki walikuja juu juu wakionekana wazi, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wanaeleza kwamba baadhi yao walifanya hila. Walitega kabla ya Sabato, wakakusanya baada yake, kisha wakajiona kuwa hawakuvunja amri.

Ndugu zangu, hila hiyo haikuzikwa Ayla. Mvuvi anayempangusa kamba mayai yake kwa brashi ili afike sokoni akiwa hana alama, amefanya hila ya watu wa Sabato. Anayewapitisha kamba wadogo usiku, kabla wanakamati wa BMU hawajafika bandarini, ni hivyo hivyo. Amri aliyoivunja imewekwa kwa maslahi ya umma, na kumtii mwenye mamlaka katika jambo jema lisilo na maasi ni katika dini. Pia Bwana Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kulipiza madhara kwa madhara. Na ni madhara gani makubwa kuliko kuwanyima wajukuu riziki ambayo sisi tuliirithi ikiwa nyingi?

Lakini funzo ninalotaka tulishike zaidi katika kisa hicho ni kwamba watu wa mji ule walikuwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilivunja amri. La pili likakataza. La tatu halikuvua wala halikukataza, bali liliwauliza wakatazaji: mnawapa mawaidha ya nini watu ambao Mungu atawaangamiza? Wakajibiwa kwamba ni ili tuwe na udhuru mbele ya Mola wetu, na huenda wakaogopa. Ilipofika adhabu, Qur'ani ikataja waziwazi kwamba waliokataza waliokolewa, na waliodhulumu waliadhibiwa. Walionyamaza haikuwataja, na wanazuoni wakakhitilafiana juu ya hatima yao. Nani kati yetu angependa kuwa katika kundi ambalo wokovu wake una khitilafu?

Na anayenunua yuko kundi gani? Huyo hata ukimya hana. Kamba mwenye mayai hasafiri kutoka mwambani hadi sufuriani peke yake. Anavutwa na fedha ya mnunuzi. Suratul Maida, aya ya 2, inatuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Hivyo jibu la swali letu ni hili: ukijua kwamba amevuliwa kinyume cha sheria, usimnunue, ingawa nyama yake ni halali.

Najua atakayesema: Sheikh, mvuvi ni maskini, ana watoto. Ni kweli, na uadilifu unataka tuliseme. Wazamiaji wengi wamefungwa na deni la tajiri aliyewakopesha chombo na mafuta, na tajiri huyo naye ana mahoteli yanayomsubiri. Dhambi hapa imegawanywa, na fungu kubwa si la aliyelowa. Aliyefikwa na dharura ya kweli sharia imemwonea huruma, lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake. Njaa ya leo haihalalishi biashara ya kila usiku. Na atakayeumia kwanza kamba wakiisha ni maskini huyo huyo, kwa kuwa tajiri atahamishia fedha zake kwingine. Bandu bandu huisha gogo.

Tena ushahidi upo kwamba bahari ikipumzishwa hurudisha. Pweza hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja tu maishani, akayalinda mayai yake bila kula, na yakianguliwa hufa. Akiachwa miezi michache tu pangoni mwake, mvuvi hupata pweza mkubwa zaidi na bahari hupata watoto wake. Wenzetu wa Kuruwitu, Kilifi, walijitengea sehemu ya bahari yao wakaiita tengefu, wakakubaliana isivuliwe. Mwaka 2017 wakatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na jambo hili si geni kwetu Waislamu. Bwana Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqii iwe hima, malisho yaliyohifadhiwa, na haram za Makka na Madina haziwindwi mpaka leo.

Sasa nageukia nyumba, kwani huko ndiko nguvu iliko. Imepokewa kwamba wake wa wema waliotangulia walikuwa wakiwausia waume zao wanapotoka asubuhi wamche Mungu na wasiwalishe haramu, kwani njaa wataistahimili, Moto hawatauweza. Mama, nawe una wasia huo. Mchuuzi akija, mgeuze kamba, utazame chini ya mkia. Ukiona mayai, au ukiona ni mdogo mno, mwambie kwa upole: mwanangu, huyu simnunui, niletee mwingine. Usimfedheheshe mbele za watu. Nasaha ya siri huingia moyoni. Majirani wakikubaliana mtaa mzima, mchuuzi atamwambia mzamiaji, na mzamiaji atamwacha jike mwambani. Faini na jela zinaweza kumtisha mvuvi usiku mmoja. Kukosa mnunuzi humzuia mwaka mzima. Akizidi kukaidi, ipelekeeni habari kamati ya BMU ya bandari yenu. Kukataza maovu si fitina.

Na watoto tuwafunze mapema. Siku ya Idi wakienda ufuoni, wasing'oe kauri na kombe walio hai kwa kuwa wanang'aa. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu mwaka 1968, hata ganda tupu haliruhusiwi kuchukuliwa. Ganda hilo huwa nyumba ya kiumbe mwingine. Mtoto aliyezoea kurudisha kombe majini hatakuwa taabu kumwelewesha habari ya kamba atakapokuwa mtu mzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aziruzuku nyumba zetu halali iliyo safi, awarudishe wavuvi wetu salama, na atujaalie tuwe katika wale waliokataza wakaokoka. Amin. Wabillahi tawfiq.