Kabla Hujanunua Dazeni ya Shela kwa Hela ya Ufuta

Ndugu msomaji, umezoea kusoma hapa habari za mbegu, viuatilifu na nafasi za kupandia. Leo tuzungumze kuhusu magauni ya harusi, na usishangae. Huku kwetu kusini, mnada wa ufuta ukishalipa, hela nyingi hutoka shambani kwenda kununua mzigo wa duka, na duka la mavazi ya harusi ni moja ya biashara ambazo kina mama huniuliza sana. Hela ikizama huko, wiki chache baadaye naambiwa hakuna ya petroli ya pampu wala ya vibarua wa kupulizia mikorosho. Hapo tena jambo linakuwa la bwana shamba.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama duka lako ni dogo, la kijijini au la mji mdogo kama Ruangwa au Nachingwea, usinunue shela kwa dazeni. Nunua moja moja au mbili mbili, hata kama kwa kipande utalipa zaidi. Wafanyabiashara wengi wananipinga kwa hili. Wanasema faida ya biashara iko kwenye kununua kwa jumla. Basi tupige hesabu, na bei nitakazotumia ni za mfano tu, wewe weka zako.

Tuseme Kariakoo shela ya mtindo fulani ni sh 90,000 ukichukua dazeni, na sh 120,000 ukichukua moja. Huku unaiuza sh 200,000. Dazeni itakugharimu sh 1,080,000 na usafiri wa basi tuseme sh 30,000, jumla sh 1,110,000. Ukichukua moja moja, kila shela na nauli yake ya kifurushi sh 5,000 ni sh 125,000, kwa hiyo kila ukiuza unabaki na sh 75,000.

Ukiuza kumi msimu huu, mwenye dazeni ana sh 2,000,000, akitoa mtaji anabaki na 890,000, na wewe wa moja moja una 750,000. Amekushinda, na ana mbili zimebaki. Lakini mkiuza saba kila mmoja, yeye ana 1,400,000, faida 290,000, na magauni matano ukutani. Wewe una 525,000 mkononi na hudaiwi na ukuta. Mpaka wa hesabu hii uko kwenye gauni la tisa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujapanda basi ni moja: je, kwenye mji wangu, msimu huu, nitauza tisa za mtindo huu huu?

Atakwambia mtu kwamba yale matano yaliyobaki nayo ni mali. Ni kweli, yakiuzika. Shela si chumvi. Nyeupe inaanza kuwa na rangi ya chai, vumbi linaingia kwenye nyavu, shanga zinadondoka, na mtindo unapitwa. Zaidi ya hayo, bibi harusi hataki kuvaa kile alichovaa jirani yake mwezi uliopita, na kijijini picha zimo kwenye simu ya kila mtu. Gauni la tatu la mtindo mmoja ni gumu kuuza kuliko la kwanza.

Na kalenda yetu haina huruma. Harusi zinafuata hela. Zinakuja baada ya ufuta, zinapoa, zinarudi korosho zikianza kulipa kuanzia Oktoba na kuendelea. Ramadhani ikiingia zinasimama, na Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11, halafu Mfunguo Mosi zinafumuka kwa pamoja. Wakristo nao wana Kwaresima yao. Gauni lililokosa dirisha lake linakaa miezi.

Mwaka juzi mama mmoja alikuja ofisini na daftari lake. Aliuza ufuta, akaenda Dar, akachukua shela kumi na nane za mtindo mmoja kwa sababu mwenye duka alikataa kumpa bei ya jumla chini ya hapo. Mpaka korosho zinaanza kwenda ghalani alikuwa ameuza tano. Hasara ya magauni ningeivumilia. Kilichoniuma ni kwamba mikorosho yake haikupata raundi mbili za mwisho za dawa na ubwiriunga ulikula maua. Tena mimi ndiye niliyemwambia, msimu uliotangulia, kwamba kununua kwa wingi kunapunguza gharama. Nilikuwa nazungumzia mbolea. Mbolea mfuko wa kwanza na wa kumi ni sawasawa, na una hakika utaitumia. Shela haina hakika hiyo, na nilipaswa kulisema.

Sasa utafanyaje, maana wenye maduka ya jumla hawapendi mnunuzi wa kipande kimoja?

Kwanza uwe na sampuli chache dukani, nne au tano zinatosha, kila moja mtindo wake. Ni kama kile kipande cha majaribio tunachopanda mbegu mpya kabla ya kuieneza shamba zima. Mteja ajaribu, achague, umpime kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani hadi sakafuni akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku yenyewe. Akupe kianzio cha nusu bei ndipo uagize. Asiyetoa kianzio usimwagizie, awe shoga yako au wifi yako. Basi la kutoka Dar linaleta kifurushi ndani ya siku moja au mbili, lakini wewe mwambie mteja wiki tatu, kwa sababu siku litakapokuja gauni lenye kasoro utahitaji muda wa kulirudisha.

Unapochagua sampuli, tafuta za kufunga kwa kamba mgongoni kuliko za zipu. Ya kamba moja inavaliwa na watu wa saizi mbili tatu tofauti, ya zipu ni ya mtu mmoja na fundi wake. Kwa duka la kukodisha hili ni jambo kubwa kuliko bei. Na kwa kweli shela ya kukodisha ndiyo inayolipa huku kwetu. Send-off na kitchen party watu wananunua, lakini gauni lenyewe la harusi wengi wanalivaa siku moja na kulirudisha. Shela moja ikitoka mara nane kwa sh 50,000 imeleta 400,000, utoe tu ya kufua na ya fundi.

Usikubali picha. Picha moja ya gauni inazunguka kwenye simu za wauzaji mia. Mwombe muuzaji wa Mtaa wa Kongo akupigie video ya gauni lile lile atakalolituma, alishike mkononi, aligeuze ndani uone bitana, aweke futi kiunoni. Akikataa, mwache. Na atume risiti ya mashine pamoja na mzigo.

Kuna wanaoshawishiwa kuagiza moja kwa moja China. Ni kweli kule hata gauni moja linashonwa kwa vipimo. Mji wa Suzhou una eneo la Huqiu linalojulikana kwa magauni ya harusi. Lakini shela ni nyepesi na inajaa. Kwa ndege unaweza kutozwa kwa nafasi inayochukua badala ya kilo zake, na kwa maji ni wiki nyingi. Ikija haikai mwilini utaipeleka wapi? Mimi ningeliacha hilo kwa wenye mtaji wa kupoteza.

Njia ninayoipenda zaidi ni mbili. Moja ni kugawana dazeni. Wenye maduka watatu wa miji tofauti, tuseme Ruangwa, Nachingwea na Masasi, mkichukua dazeni mchanganyiko mnapata bei ya jumla na kila mmoja ana manne. Bibi harusi wa Ruangwa hajui alichovaa wa Masasi. Msimu ukiisha mnabadilishana yaliyobaki, na kwa kila mji yanakuwa mapya. Msichanganye hela kabla hamjaandika nani ametoa ngapi. Urafiki mwingi umevunjika kwa zipu iliyokatika ambayo hakuna anayekubali kuwa ni yake.

Ya pili ni mali kauli. Unachukua magauni, unauza, unalipa, usiyouza unarudisha. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua vizuri, ila hawampi mgeni. Nunua kwa mtu mmoja yule yule mara tatu nne kwa taslimu, lipa bila longolongo, ndipo uombe mawili ya mali kauli. Mkubaliane siku za kurudisha na nani anabeba hasara likichafuka. Mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Na hela ya gauni la watu ikiingia usiinunulie sukari.

Vitu vya kuchukua kwa dazeni vipo. Glavu, maua ya mkononi, vikuba vya nywele, soksi za watoto wa maua: hivyo havina saizi ya kukusumbua wala mtu haulizi nani alivaa. Kitambaa cha sare za wasimamizi nacho chukua jora zima, mradi oda umeshaipata na kianzio kipo mkononi. Fundi wa hapa hapa atashona, na hela itabaki kijijini.

Najua jibu ambalo wengine watanipa: bei ya moja moja ni kubwa, mteja atakimbilia duka lingine. Atakimbia baadhi. Lakini duka lenye mitindo mitano tofauti na lenye uwezo wa kumletea mtu saizi yake ndani ya wiki tatu, mimi naona linampa mteja kitu ambacho lenye shela kumi na nane za aina moja haliwezi.

Minada ya korosho inakuja. Kama una duka na ungependa kupata wenzako wa kugawana dazeni, nipo ofisi ya kata Jumanne na Ijumaa asubuhi. Njoo na daftari la mauzo ya msimu uliopita, uniambie pia umetenga kiasi gani cha shamba. Tutaanza na hicho.