Mshirika wa Shule ni Mwenye Mbuzi, Si Mwenye Bango

Kuna imani iliyoota mizizi katika shule zetu, katika ofisi za halmashauri na hata miongoni mwa wazazi: kwamba mradi wa mazingira wa shule hauwezi kuanza mpaka apatikane mfadhili. Mwalimu mkuu akiulizwa kwa nini eneo la shule ni jangwa, hujibu kwamba bado wanatafuta wadau. Mdau akipatikana, mambo huenda mbio. Bango linachapishwa, fulana zinagawiwa, turubai linafungwa, mgeni rasmi anaalikwa na watoto wanafundishwa wimbo. Kabla ya saa sita mchana miche mia tano imeshaingia ardhini. Jioni picha zimesambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na maelezo yake yanasema kwamba shule imeshirikiana na jamii kuokoa mazingira.

Nasema bila kuzunguka: hapo jamii haikushirikishwa. Imani hii inaua miti, inakula fedha ambazo zingefanya kazi ya maana, na inawafundisha watoto kwamba mazingira ni sherehe ya siku moja inayoletwa na wageni. Mshirika wa kweli wa shule ni yule mwenye uwezo wa kuuangamiza mti wageni wakishaondoka. Ni jirani mwenye mbuzi, mama anayetafuta kuni, kijana anayechoma mkaa, na mpishi wa shule yenyewe. Shule isiyo na mapatano na watu hao haina mradi, hata ikiwa na wafadhili kumi.

Tuanze na upandaji wenyewe. Siku ya sherehe, sogea karibu na shimo moja uangalie. Kina chake hakizidi urefu wa kiganja, kwa sababu udongo ni mgumu na ratiba ni fupi. Mche unatumbukizwa pamoja na kiriba chake cha nailoni, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kuwaeleza watoto kwamba kiriba huchanwa kwanza. Mizizi itajizungusha humo ndani hadi ichoke. Hakuna samadi, hakuna matandazo, hakuna miiba ya kuzungushia.

Sasa angalia tarehe. Shule nyingi hupanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Kwa Dodoma, Singida na Shinyanga, mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, na Mei huwa zimekwisha. Anayepanda Juni anapanda mlangoni mwa kiangazi. Tena mwezi huohuo shule zinafungwa kwa likizo. Mwenye bango amerudi mjini, walimu wamesafiri, watoto wako makwao. Aliyebaki karibu na mche ule ni jirani, na yeye hakuna aliyemwita hata kwenye kikao cha maandalizi.

Jirani huyo ana haki zake na ana shida zake. Katika vijiji vingi, mavuno yakishatoka, mifugo huachiwa ijitafutie, na eneo la shule lisilo na uzio huwa malisho kama mashamba mengine. Mwezi wa Agosti, nyasi zimekauka zote, jani bichi la mche uliomwagiliwa ndilo chakula pekee kinachoonekana. Mbuzi wakila, tunamwita mwenye mifugo adui wa maendeleo. Amevunja ahadi gani? Hakuombwa ahadi yoyote. Alichokiona ni magari yamekuja, watu wameimba, magari yameondoka, na ardhi aliyokuwa akichungia imegeuzwa jina bila yeye kuambiwa atachunga wapi.

Kisha nenda nyuma ya madarasa, jikoni. Huko ndiko uso wa kweli wa mradi wa mazingira wa shule unakoonekana. Sufuria kubwa la makande limeinjikwa, magogo yanasukumwa chini yake tangu alfajiri, moshi umepaka kuta masizi na mpishi anafuta machozi kwa kanga. Shule nyingi za vijijini huwaagiza wanafunzi waje na kuni. Mtoto wa darasa la nne anatembea na kipande chake begani, kilichokatwa kwenye kilima kilekile ambacho wimbo wa asubuhi uliapa kukilinda. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Bado majiko mengi ya shule yanakula magogo. Shule inayopanda miche mia tano kwa mwaka na kuchoma malori ya kuni kwa mwaka huohuo haijalinda chochote. Mradi wake wa kwanza wa mazingira ulipaswa kuwa jiko. Washirika wake wa kwanza walipaswa kuwa wazazi wanaochangia chakula, mpishi anayevuta moshi ule na fundi wa majiko banifu wa kata hiyohiyo.

Wanaonipinga wana hoja ya kwanza: shule zetu ni maskini, bila mfadhili hakuna kitakachofanyika. Historia ya nchi yetu inakataa. Shinyanga ilikuwa imevuliwa miti kwa miongo mingi. Misitu ilifyekwa kuondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikawa taabu. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu na miti ya kigeni, na wananchi hawakuipokea kwa moyo. Mambo yaligeuka pale wataalamu walipokubali kurudi kwenye jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo siku zote: ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili kiwalishe ng'ombe wakati wa kiangazi. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Shule nazo zilikuwa miongoni mwa wenye ngitili.

Nani alipanda miti yote hiyo? Sehemu kubwa yake haikupandwa na mtu. Ardhi ilipumzishwa, visiki na mbegu zilizokuwa zimelala zikachipua. Kilichofanya kazi ni mapatano. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilikaa na kuamua. Sungusungu walisimamia. Sheria ndogo za vijiji ziliweka faini. Na mfugaji alikubali kwa sababu iliyo wazi kabisa: nyasi zile ni za ng'ombe wake. Hakuombwa aipende miti kwa ajili ya kizazi kijacho tu, alihakikishiwa malisho ya Septemba. Leo huko Dodoma wakulima wanafufua miti kwa njia wanayoiita kisiki hai. Wanachagua machipukizi yenye nguvu kwenye kisiki, wanapogolea mengine, wanaweka alama na kulinda. Gharama yake ni panga na makubaliano ya majirani. Shule ipi Tanzania haina panga?

Mfano wa pili uko pwani ya Kenya, Kwale, katika ghuba ya Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chokaa na matofali, fukwe zikabaki tope tupu. Watafiti wa bahari na wanavijiji walianza kuirudisha miaka ya 1990, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza kuuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, katika hekta 117 za mikoko. Fedha zinazopatikana huamuliwa na wanavijiji wenyewe, nazo zimeleta maji, vitabu na ukarabati wa shule. Zaidi ya hapo, walipanda mivinje nchi kavu, ili mtu anayehitaji nguzo au kuni azipate bila kuingia mikokoni. Jambo hilo la mivinje ndilo ningependa kila mwalimu mkuu alitafakari. Walimtambua mkata miti kuwa mtu mwenye mahitaji, wakamtafutia pa kukata.

Kwa hiyo sisemi kwamba fedha za nje ni haramu. Gazi wanalipwa na wanunuzi wa mbali. Tofauti ni kwamba wanalipwa kwa msitu uliosimama. Msitu ukifa, malipo yanakoma. Wangari Maathai alilijua hilo alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977: akina mama walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona. Fedha zilifuata uhai wa mti. Kwenye sherehe zetu fedha hutangulia, na uhai wa mti hauna anayeuulizia.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni tamu zaidi masikioni: tukiwafundisha watoto, watoto watawaelimisha wazazi. Hapa tunawatwika watoto mzigo ambao watu wazima wameukimbia. Mtoto wa miaka kumi hana mamlaka juu ya mbuzi wa baba yake wala juu ya panga la mjomba wake. Isitoshe, mara nyingi mzazi anayedhaniwa hajui ndiye anayejua. Ni mzee wa kijiji anayekumbuka mto ulipita wapi, mti gani hustahimili ukame wa eneo lile, na mti gani hunyonya maji ya kisima. Shule ingemwita mzee huyo kuwafundisha watoto, ingepata mtaalamu na mlinzi kwa mkupuo mmoja. Badala yake, mtoto aliyechelewa namba ndiye anayetumwa kumwagilia miti, kama adhabu. Mwaka baada ya mwaka tunamfundisha kwamba mti ni viboko kwa jina lingine, kisha tunashangaa akikua asitake hata kuuona.

Lawama haziishii shuleni. Kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo hilo linahesabu miche inayoingia ardhini, na shule ndiyo mahali rahisi pa kuimalizia hesabu, kwa kuwa ina eneo na ina mikono isiyolipwa. Mwaka unaofuata miche mingine inapandwa kwenye mashimo yaleyale, na takwimu zinapanda huku uwanja ukibaki mweupe. Ofisa misitu anayetaka kuisaidia nchi na aanze kudai hesabu ya miti iliyo hai, shule kwa shule, baada ya kiangazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na miti yetu inapotea hivyo.

Kinachotakiwa kinajulikana na kinawezekana. Kamati ya shule iende kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mche hata mmoja kununuliwa. Pale zijadiliwe habari zenye ugumu: eneo lipi linafungwa na kwa muda gani, mifugo itapita wapi, nani atalinda wakati wa likizo ya Juni na ya Desemba, nani atakata nyasi za ndani ya eneo lililofungwa na kuzipeleka kwa mifugo yake, kuni za kupogolea zitakuwa za nani, matunda yatagawanywaje, na atakayevunja atatozwa nini. Yaandikwe kwenye muhtasari, yasomwe, yapitishwe kuwa sheria ndogo. Idadi ya miti iendane na maji yaliyopo. Miti thelathini inayomwagiliwa ni bora kuliko mia tano inayosubiri kufa. Na kila Novemba miti ihesabiwe mbele ya wazazi, iliyokufa ikitajwa kwa sauti sawa na iliyopona.

Mfadhili akija baada ya hapo, akaribishwe kwa heshima, lakini aingie kwenye mapatano ya wenyeji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aambiwe kwamba sehemu ya kwanza ya fedha ni ya jiko, tangi na uzio, ya pili italipwa kiangazi cha kwanza kikipita, na ya mwisho baada ya kiangazi cha tatu, kwa kila mti utakaokutwa hai. Anayejali mti atakubali. Anayekataa masharti hayo alikuwa anataka picha, na shule haina deni la kumpa picha kwa jasho la watoto.

Mwalimu mkuu anayesubiri mdau aache kusubiri. Mdau wake anaishi ng'ambo ya barabara, ana mbuzi kumi na mbili na watoto wawili katika shule hiyohiyo. Aende akabishe hodi kwake wiki hii, amsikilize kabla ya kumweleza lolote. Mapatano watakayofikia hayatagharimu shilingi, na hakuna mfadhili duniani awezaye kuyaleta kwa niaba yao.